Kibali cha Kumtukana Afisa

Waliokuwapo wanasema, na wasiokuwapo wanaongeza, kwamba siku Koplo Ngwali alipoanza kuona wivu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukamuliwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu yote miwili imetumbukizwa kwenye karai la dawa ya kijani, na nyaya arubaini na mbili zimebandikwa kuanzia kisiginoni hadi kisogoni.

"Tembea," alisema Meja Shufaa, daktari wa kikosi, macho yake yakiwa kwenye kioo cha mashine.

Ngwali akafumba macho akatembea. Mwili ulibaki palepale kitini. Kichwani ndiko alikokwenda, hatua baada ya hatua, juu ya uwanda mwekundu wa Mirihi uliofukiwa mabomu. Ukutani, ndani ya chupa ndefu ambayo askari wote waliiita kibuyu, yakaanza kudondoka maziwa. Hayakuwa maziwa hasa. Ulikuwa ujuzi wa mtu, uliochujwa kutoka kwenye mishipa yake na kuyeyushwa ili mtu mwingine aunywe na kuutumia siku mbili. Lakini yalikuwa meupe, na yalitoka kwa kiumbe asiyeulizwa, basi jina likashika. Aliyekamuliwa aliitwa ng'ombe. Aliyekunywa aliitwa Afande.

Ngwali alikuwa Kutu. Babu zake walitua Mirihi kabla hakujajengwa kuba hata moja, wakanyweshwa dawa ya kukinga miale ya jua iliyowaachia, wao na vizazi vyao, ngozi ya rangi ya bati kuukuu. Waliokuja baadaye, ndio watu wa Kuba wa leo, walikuta makuba yamekwisha simama, milango inafunga, maji yanatoka bombani. Wakaoga, wakajitazama kwenye kioo, wakawaita waliojenga Kutu.

Vita vya kugombea barafu vilipoanza, Kutu waliruhusiwa kufia nchi, ila kwa nyuma. Amri ya Saba ya jeshi ilisema Kutu hatamtangulia askari wa Kuba. Basi wakapewa kubeba: maji, risasi, majeruhi, na zaidi ya yote mitungi ya hewa. Kasoro ilikuwa moja tu. Adui, watu wa Ncha ya sayari, walifukia mabomu yaliyofinyangwa kwa udongo na barafu, yasiyo na hata msumari ndani, na mashine zote za Kuba ziliyapita kama kipofu anavyopita dirisha. Askari waliyaita viazi. Aliyeweza kuvijua viazi ni Kutu peke yake, kwa nyayo. Mchanga wa Mirihi ukikaa miaka mingi hufanya ukoko, kama wali uliosahaulika jikoni. Ukichimbwa, ukoko huvunjika, na hata ukisawazishwa vipi unabaki bokoboko. Mtoto wa Kutu huanza kukanyaga tofauti hiyo kabla hajajua kutamka jina la baba yake.

Kwa miaka kumi na minane ya mwanzo Ngwali alitangulia hivyohivyo, Amri ya Saba ikiangalia pembeni. Kisha ikatoka picha gazetini: Kutu mbele, na nyuma yake maafisa sita wanamfuata kwa mstari, wamenyanyua miguu kama vifaranga kwenye tope. Wananchi wa Kuba wakauliza hili ni jeshi au ni nini. Mwaka haukuisha, kibuyu kikavumbuliwa, na maziwa ya Ngwali akawa anapewa Luteni Erasto kuyanywa.

"Luteni Erasto anasema masikio yanamwasha," Meja Shufaa alisema.

"Masikio, Daktari?"

"Akiwa uwanjani. Miguu inafanya kazi vizuri, halafu ghafla inagoma. Juzi alisimama katikati ya viazi dakika nne nzima. Anasema anahisi anasubiri kitu, ila hajui kitu gani."

Ngwali akatabasamu, macho bado kayafumba. "Anasubiri kutukanwa."

"Najua. Koplo Zawena, mtani wako, alitueleza jana. Tumempa kibali, amekwisha hamishiwa kwa Luteni."

Maziwa yakaacha kudondoka. Meja Shufaa akagonga chupa kwa ukucha, akidhani imeziba.

*

Sasa ni lazima ujue mtani ni nani kwa Kutu, la sivyo utamdhania Ngwali vibaya, kama mkewe alivyomdhania mwaka wa kwanza kabla hajaelewa.

Kutu wote ni uzao wa vyombo viwili. Cha kwanza, Alfajiri, kilitua mapema. Cha pili, Baraka, kilitua siku kumi na moja baadaye. Watu wa Alfajiri husema wenzao walichelewa kwa kuwa walisimama njiani kuuliza njia. Watu wa Baraka husema Alfajiri iliwahi kwa kuwa ilifukuzwa ilikotoka. Kutokana na hayo wakawa watani, na kutokana na utani ikazaliwa namna ya kufanya kazi. Msoma mchanga wa Alfajiri haingii uwanjani peke yake. Nyuma yake, hatua tatu, lazima awepo mtani wake wa Baraka, anamtukana mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Hofu hukaza vidole, na vidole vilivyokaza havisikii mchanga. Sifa nazo hukaza, tena kuliko hofu: mtu akishavuka hatua ishirini mzima, anaanza kujiona fundi, na fundi ndiye anayelipuka. Kicheko hulegeza vyote viwili. Sharti lake moja: anayekasirikia utani ametoka kazini palepale.

Zawena wa Baraka alimtukana Ngwali kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa mkewe wala hawara wake. Mke humjua mtu akiwa amelala. Zawena alimjua akiwa ameinua mguu mmoja hewani, hajui pa kuuweka.

Ngwali alimkuta kwenye bomba la hewa, wabebaji wanajaza mitungi.

"Wewe mtu wa Alfajiri," Zawena alisema kabla hata hajageuka, "umeumuka uso kama andazi la jana. Nani amekukanda?"

"Nasikia umepata kazi."

"Nimepewa kazi. Kupata ni kitu kingine."

"Ya kutukana."

"Tena kwa mhuri." Akachomoa karatasi kwenye mfuko wa paja, akaikunjua kwa madaha ya bibi harusi. Juu iliandikwa *Kibali cha Kumtukana Afisa*, nakala moja kati ya tatu, na nyuma yake orodha ya matusi ishirini na manne yaliyopitishwa na makao makuu. La ishirini na tano, lililomgusa mama mzazi, lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. "Sikiliza la kwanza. 'Afande, mwendo wako hauridhishi.' Niambie, Ngwali, hilo ni tusi au ripoti ya shule?"

Ngwali alitaka kucheka, kicheko kikafika kooni kikarudi.

"Unampa hayo tu?"

"Hayo. Akikaza sana namwongezea moja la kichwani mwangu, nani atajua? Kijana mwenyewe si mbaya. Jana aliniuliza kama nimechoka."

"Alikuuliza kama umechoka?"

"We, umeanza kuwa mke mwenza?"

"Lile la miguu ya kuazima umempa?"

Zawena aliikunja karatasi polepole. Lile alilitoa siku yao ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, Ngwali akiwa kijana anayetetemeka na suti ya hewa ya marehemu baba yake: *unatembea kama mtu aliyeazima miguu, na mwenyewe yuko nyuma anaidai*. Ngwali alicheka hata kioo cha kofia kikajaa ukungu, na akavuka.

"Lile ni lako," Zawena alisema.

"Nimeuliza kama umempa."

"Na mimi nimekujibu ni lako. Hebu shika mtungi, unavuja."

Kesho yake Ngwali alikuwa kwenye foleni ya wabebaji, mitungi minne mgongoni, nyuma ya Luteni Erasto aliyekuwa akifungua njia. Wabebaji walisikia redio ya mbele, kwani ni lazima wajue pa kukanyaga, ila kitufe chao cha kusemea kilifungwa kwa lakiri. Alimsikia Luteni akisimama. Alimsikia Zawena akipitia orodha ya makao makuu, la tatu, la tisa, la kumi na nne, kama mtu anayejaribu funguo zisizo zake. Kisha:

"Afande. Unatembea kama mtu aliyeazima miguu, na mwenyewe yuko nyuma anaidai."

Luteni Erasto akacheka. Tena si kwa kicheko chake, maana watu wa Kuba hucheka kwa pua. Alicheka kicheko cha Ngwali, kile chenye mkwaruzo mwishoni kama komeo linalorudi. Na Zawena, mbele ya masikio ya wabebaji mia tatu, akacheka naye.

Ngwali alikuwa ameyazoea mengi. Aliizoea nishani yake iliyoning'inia kwenye kifua cha mwingine. Aliizoea picha ya Luteni gazetini, yenye maneno "Nyayo za Dhahabu". Mtu akizaliwa Kutu hufundishwa mapema kwamba chai ikinoga husifiwa mpishi, ng'ombe hatajwi. Lakini kicheko kile kilimwingia kama mchanga kwenye jicho, kikakaa humo.

Juma lililofuata, alipokuwa tena kitini, Meja Shufaa akamwambia atembee, akatembea. Lakini safari hii hakuuona uwanda. Aliona mgongo wa Zawena ukienda nyuma ya mgongo mwingine. *Mimi miaka kumi na tisa*, alijisemea, *yeye siku tisa na karatasi*. Akalirudia neno hilo kwa kila hatua, na maziwa yakadondoka, meupe vilevile, mengi kuliko siku zote.

"Leo umetoa vizuri," alisema daktari.

Ngwali alijua maziwa yale yameingiwa na kitu. Ng'ombe anayejua amekula nini anajua pia ametoa nini. Alikuwa na nafasi ya kusema, tena ndefu, wakati anachomolewa nyaya arubaini na mbili, mmoja baada ya mwingine. Akavaa soksi zake, akatoka.

*

Huko Mlima Tatu askari mia nne wa Kuba walikuwa wamezingirwa siku ya tano. Hewa yao ingeisha saa tisa alasiri. Kati yao na wabebaji kulikuwa na bonde moja la kilomita mbili, na bonde lote lilikuwa shamba la viazi.

Waliingia saa sita, jua dogo la Mirihi likiwa juu kama sarafu iliyofifia. Mbele Luteni Erasto, kijana wa miaka ishirini na sita, amekunywa glasi nzima asubuhi. Hatua tatu nyuma Zawena. Nyuma zaidi wabebaji mia tatu, kila mmoja akikanyaga palipokanyagwa, na Ngwali wa kumi na saba kwenye mstari.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama sindano kwenye hariri. "Kulia, hatua. Mbele. Kiazi, ruka. Mbele." Kisha sauti ikaanza kukauka. Ngwali aliijua kabla ya wote kwa sababu vidole vyake mwenyewe, ndani ya buti, vilijikunja.

"Afande," Zawena alisema kwa uchangamfu, "unatembea kama mtu aliyeazima miguu..."

"Na yeye ulimwambia hivyohivyo?"

"Nani, Afande?"

"Ngwali. Hilo ulianza kumwambia yeye."

"Ni utani tu, Afande. Hatua ya mbele, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali. Yeye humwambii tafadhali." Mbele kule, umbo la Luteni lilikuwa limesimama wima, na mtu haisomi ardhi akiwa wima. "Nyote mnanionea huruma. Namsikia humu ndani, Zawena, kila siku namsikia, mnacheka na mimi sijui mnachekea nini. Yeye miaka kumi na tisa. Mimi siku tisa na karatasi."

Ngwali aliyatambua. Hayo yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, ila yameshikwa upande wa pili wa mpini. Wivu aliouweka kwenye maziwa haukupotea. Ulikuwa umepata kinywa, ukamtazama mwenyewe, ukamwona ndiye mwenye bahati.

"Nataka uniangalie usoni uniambie," Luteni alisema. "Nageuka."

"Usigeuke, Afande."

"Nageuka."

Kila Kutu kwenye mstari alijua. Ukigeuka kwa kisigino, ukoko wa pembeni unavunjika, na viazi vya Ncha hupandwa vitatu vitatu. Angelipuka yeye, na Zawena hatua tatu nyuma yake, na njia ingefungwa, na Mlima Tatu ungenyamaza saa tisa.

Ngwali alifikiri. Inafaa isemwe kwamba alifikiri. Luteni akilipuka na maziwa tumboni, mbele ya mashahidi mia tatu, kibuyu kingevunjwa kesho yake. Hakuna afisa angekunywa tena. Kutu wangerudishwa mbele kwa majina yao, kwa kuwa hakuna mwingine. Na kama wasingerudishwa, angalau hakuna ambaye angewachuja kama machicha ya nazi. Kwa hilo watu wangekufa mia nne na wawili. Mia nne hawakuwahi kula naye bwalo moja. Mmoja alikuwa amelewa wivu ambao hakuupika. Wa mia nne na mbili alikuwa Zawena. Na hata hapo, kwa muda ambao Ngwali hakuwahi kumwambia mtu urefu wake, wivu ulimnong'oneza kwamba afadhali asiwe wa mtu yeyote.

Kisha akakata lakiri kwa jino la kisu. Kwa Kutu aliye kwenye foleni, kosa hilo lilikuwa kifungo cha miaka minane.

"Zawena wa Baraka," alisema. "Ngwali wa Alfajiri amefariki."

Luteni akasita, kisigino kimeinuka nusu.

Zawena alichelewa kujibu. Alikuwa ameelewa, na ndiyo maana alichelewa. Kwa Kutu, mtani ndiye anayemzika mtani wake. Maiti ikilala, yeye huja kuitania mbele ya wafiwa wote, anaiiga, anaivua heshima, mpaka kilio kigeuke kicheko na watu waweze kuinua miguu kwenda makaburini. Hufanywa mara moja. Ukishamzika mtani umemzika. Utani wenu umefungwa, na hata akiamka mzima kesho yake haufunguki.

"Amefariki lini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa hivi."

"Ameuawa na nini?"

"Wivu."

"Maiti iko wapi?"

Ngwali akashuka magotini palepale kwenye nyayo za wenzake, akalala chali, mitungi minne chini ya mgongo wake, kofia imeelekea juani. "Imelala njiani. Ya kumi na saba. Inazuia watu."

"Ngwali," Zawena alisema. "Una hakika?"

"Maiti haiulizwi. Zika, watu wanangoja."

Zawena akavuta pumzi, redio nzima ikaisikia.

"Jamani wafiwa," alianza. "Poleni. Poleni sana, ingawa sioni wa kumpa pole. Mkewe? Mkewe leo atalala kitanda kizima kwa mara ya kwanza, maana marehemu alikuwa akilala kama pweza aliyetandazwa. Watoto? Watoto wanauliza kama kuna baba mwingine mrefu zaidi. Amekufa kwa nini, mnaniuliza. Wivu. Mtu wa Alfajiri, wale waliowahi kila mahali, amewahi mpaka kwenye kuona wivu. Alimwonea nani wivu? Sikilizeni, Afande, nawe usikilize, maana wewe ndiye mfiwa mkuu, umemnywa asubuhi. Alimwonea wivu mtu aliyepewa matusi yaliyopigwa mhuri. Mtu anayetukanwa kwa nakala tatu. Ni kama kumwonea wivu mgonjwa kwa kuwa ana nesi."

Kitu kama komeo kikakwaruza.

"Miaka kumi na tisa nimemtukana," Zawena aliendelea, "na kila tusi alilibeba nyumbani kama zawadi. Nilimwambia ana masikio ya birika, akayasafisha. Nilimwambia ana miguu ya kuazima. Basi mwenyewe amekuja, ameichukua. Ndiyo hiyo imelala pale, inazuia barabara, hata akifa anachelewesha kazi. Angekuwa wa Baraka angekufia pembeni."

Luteni Erasto akacheka. Alicheka ameinama, mikono magotini, kicheko chote cha Ngwali kikimtoka. Nyuma yake wabebaji mia tatu, waliofungiwa vitufe, walicheka kila mmoja ndani ya kofia yake, na ingawa hakusikika hata mmoja, mitungi elfu moja na mia mbili ilikuwa ikitikisika migongoni. Huwezi kumwonea wivu mtu anayezikwa namna ile. Wivu unataka mtu wa kushindana naye, na aliyekuwapo alikuwa maiti anayeitwa masikio ya birika.

Kisigino cha Luteni kikashuka palepale kilipoinukia.

"Kushoto," alisema, na sauti ilikuwa imelegea. "Nusu hatua. Kiazi. Kiazi kingine. Jamani, vitatu. Mbele."

Wabebaji waliiruka maiti mmoja mmoja. Wengine waligusa kofia yake kwa ncha ya buti, kama inavyostahili. Wa mwisho alipopita, Ngwali akainuka, akajifuta vumbi, akafuata mkiani. Waliingia Mlima Tatu saa nane na dakika arubaini.

*

Luteni Erasto aliandika kwenye ripoti kwamba lakiri ya mbebaji wa kumi na saba ilikatika kwa kujigonga. Akaandika pia majina mawili, Ngwali na Zawena, na alichofanya kila mmoja, kwa ukurasa mzima. Ripoti ikarudi kutoka makao makuu imefupishwa: *akisaidiwa na wabebaji*. Nishani ilikuwa moja, na shingo yake ilijulikana. Inasemekana alikwenda kuivaa na akarudi ameiweka mfukoni.

Alimfuata Ngwali kwenye bomba la hewa.

"Koplo, nilikuonea wivu," alisema. "Wivu mbaya. Sijui ulitoka wapi."

"Ni wangu, Afande. Ulikuwa umeuazima."

Luteni akabadilika rangi, kwa vile hakuwa mjinga. "Ulijua? Kabla sijanywa?"

"Nilijua."

Ngwali alisubiri pingu. Kijana yule alitikisa kichwa tu, akaondoka, na tangu siku hiyo hakugusa tena glasi. Walimbadilishia kituo.

Meja Shufaa naye alimkalisha Ngwali kitini mara tatu zaidi. Alibadilisha dawa, akabadilisha nyaya, akaipiga mashine makofi. Kibuyu kilitoa maji matupu.

"Hamna kitu humu," alisema. "Ni kama sijamfunga mtu."

"Maiti haikamuliwi, Daktari."

Daktari akaandika *uchovu*, akaita ng'ombe mwingine. Alikuwa Tadeo, kijana wa Alfajiri mwenye nyayo nyepesi na mtani wa Baraka anayempenda kama macho yake. Tadeo alikuja kwa Ngwali kabla hajaenda kukaa kitini, akamwuliza mtu anakufaje. Ngwali alimweleza namna, kisha akamweleza kinachofuata. Tadeo akasema anakwenda kufikiri. Alikuwa bado anafikiri wiki mbili baadaye, na miguu yake kwenye karai.

Kinachofuata chenyewe kilimkuta Ngwali asubuhi moja bwaloni kwa wabebaji. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, foleni ndefu, na Zawena akaingia. Ngwali alikuwa amevaa fulana kinyume, lebo iko kooni. Labda kwa bahati mbaya. Alijiweka mahali asipoweza kupitwa bila kuonekana, akamsubiri, shingo imenyooka.

Zawena aliiona lebo. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mlango uliosukumwa na upepo mtu akauwahi. Akasimama mbele yake, akaunganisha mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Ngwali," alisema. "Umeamkaje?"

Hakukuwa na kitu chochote kwenye sauti ile ila adabu. Watu wawili nyuma yao waliacha kuzungumza.

Ngwali akaisukuma lebo ndani ya fulana.

"Marahaba," alisema. "Nimeamka salama, dada."

Na akasogea pembeni, ampishe achukue chai.